Miiba ya Ilish

Hebu niambie, ukimtazama mtu anakula samaki, unaweza kujua kama anamla kweli au anaigiza? Kalkuta nzima inaweza. Wabengali utawadanganya kwa mvua ya bomba na mwezi wa karatasi, nao watalia machozi ya kweli, lakini kwenye ulaji wa samaki usijaribu. Anurupa Bagchi alilijua hilo tangu filamu zake za mwanzo, na ndilo lililomtia matatani mwaka ule aliofiwa na mumewe.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuja mjini kutoka Barishal na wazazi wake, nchi ilipogawanywa, wakiwa na sanduku moja la bati na godoro. Akaanza kazi kwenye studio za Tollygunge akibeba mtungi nyuma ya waigizaji wenye majina, mtungi mtupu, ila alivyoupinda mgongo ungeapa umejaa hadi shingoni. Huo mgongo ndio uliomfanya atazamwe. Akafika filamu ishirini na sita, na katika nyingi alikuwa bibi harusi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kujifunika ushungi wa sari namna ile, taratibu, jicho moja likibaki nje kama mtu anayechungulia mvua. Sikukuu ya Puja ikikaribia, mafundi cherehani wa Bhowanipur walikuwa wakishona blauzi zenye marinda madogo mabegani, na wateja walisema tu, nishonee ya Anurupa.

Mumewe, Prabir, alikuwa mwalimu wa historia, mtu mpole, mwenye kupoteza miwani iliyo kichwani pake. Homa ya matumbo ilimchukua kwa siku tisa, katikati ya mvua.

Basi yakafanyika yanayofanyika. Bangili zake nyeupe za kombe zikavunjwa. Njia ya nywele zake, iliyokuwa na sindur, ule unga mwekundu wa mke mwenye mume, ikaoshwa mpaka ikabaki nyeupe. Akavikwa sari isiyo na pindo la rangi, akaanza kula mara moja kwa siku, wali na mboga za kuchemsha. Siku ya kumi na mbili nyumba ilifungua mwiko, na ndugu wote wakaandaliwa samaki, maana ndivyo matanga yanavyoisha. Kwake matanga hayakuisha, maana mjane hali samaki tena maisha yake yote. Mbele yake waliweka ndizi mbichi ya kuchemsha. Kando yake alikaa mama mkwe, Hemangini, aliyefiwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, naye mbele yake ndizi mbichi ya kuchemsha. Yake ilikuwa ya mwaka wa arobaini.

Wiki haikupita, akaja Bwana Nripen, mwongozaji wa filamu waliyokuwa wameiacha njiani. Alikunywa chai, akatoa pole, akazungusha kikombe mara nyingi kuliko inavyohitaji chai. Mwishowe akasema mwenye filamu anaogopa. Nani atalipa kumtazama mjane akiwa bibi harusi? Kuna binti anaitwa Chhobi, ana miaka ishirini, nguo zimeshamkaa. Watapiga upya sehemu zote. Ila dada Anu asihuzunike, zipo nafasi za mama wa bibi harusi, ni nafasi nzuri, za heshima.

Anurupa alimuuliza kimebaki nini kupigwa. Akajibiwa ni mambo machache, na kubwa lao ni lile la bibi harusi kula. Ameshawapakulia wakwe wote, ameshinda na njaa tangu alfajiri, na sasa anakaa jikoni peke yake na kipande chake cha ilish, yule samaki mtamu wa miiba mingi.

"Jumatatu nitakuja," akasema. "Nikishindwa, mpe Chhobi."

Shemeji yake, Bimal, karani wa mahakama na mtu wa kukunja mwavuli hata jua likiwaka, alisikia akawaka. Alisema mke wa marehemu kaka yake hatapakwa wekundu mbele ya watu wa umeme na maseremala. Alisema majirani wana midomo. Juu ya yote alisema mama hatalihimili, mama atakufa kwa aibu. Mama alikuwa palepale sakafuni, amebana kwa mguu ubao wa kisu cha jikoni kilichosimama wima, anakata maboga vipande sawasawa. Hakuinua macho.

"Shemeji," Anurupa akamwambia, "aliyekufa ni Prabir. Kazi yangu haijafa, na sitaizika naye."

Jumatatu akaenda na sari yake nyeupe, katika gari la kukodi, mvua ikipiga. Chumbani kwa mapambo alimkuta Haripada, aliyempaka uso kwa miaka tisa. Alimpaka poda, akamchora nyusi, akamtia wanja, halafu akafungua kikopo cha sindur. Akakiweka chini. Akasema, huku anaangalia viatu vyake, kwamba ana mke, na mke wake ana mume mmoja tu, ambaye ni yeye Haripada. Kutia wekundu kwenye njia ya nywele za mjane ni kuita kifo kwa jina. Mama wa mavazi naye akakumbuka ghafla kwamba bangili zimepotea, na zilikuwa zimemvimbia chini ya sari kiunoni kama yai.

Anurupa hakugombana na mtu. "Haripada, geuka ukutani, usije ukafa," akasema. "Na wewe mama, zitage hizo bangili."

Mama wa mavazi akacheka bila kutaka, akazitoa. Anurupa akachovya ncha ya kijiti ndani ya kikopo, akakivuta kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma. Mkono wake ulikuwa umetulia. Aliona kwenye kioo mwanamke aliyemjua mwezi mmoja nyuma, akamtazama kwa muda, kisha akafunga kikopo.

Huko ukumbini Bwana Nripen alikuwa amemfanyia wema. Sahani ya shaba ilikuwa tayari, wali umerundikwa, na juu yake kipande cha boga kilichochongwa kama kipande cha ilish na kupakwa haradali. Alimnong'oneza kwamba mwiko wake hautavunjika, na kamera haitajua.

Anurupa alikiinua kile kipande, akakigeuza, akakirudisha.

"Kamera haitajua, Bwana Nripen. Lakini mama mmoja kule kwenye viti vya nyuma atajua. Boga halina miiba. Nitatoa nini mdomoni?"

Akamwambia ama aletwe samaki ama aitwe Chhobi. Kisha mpishi wa studio akatumwa sokoni, wakangoja saa moja na nusu, Chhobi kakaa kwenye kiti pembeni na sari ya akiba.

Alikula mara moja tu, na mara moja ikatosha. Alichambua nyama ya tumbo kwa ncha za vidole, akaichanganya na wali, akatia mdomoni. Alitafuna polepole, ulimi ukitafuta, ukaleta mwiba wa kwanza hadi pembeni mwa midomo, akautoa, akauweka ukingoni mwa sahani. Wa pili kando yake. Wa tatu. Katikati ya tonge la nne macho yalimjaa, naye akaendelea kula vilevile, kama mtu mwenye njaa na asiyetaka aonekane ana njaa. Bwana Nripen alisahau kusema basi, mpaka ukanda ukaisha wenyewe ndani ya kamera. Chhobi alisimama, akaenda kuvua nguo.

"Kesho saa tatu, dada Anu," ndilo pekee alilosema Bwana Nripen.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Bimal alikuwa kibarazani, mwavuli mkononi, na mama amekaa kwenye mkeka wake. Bimal alisema yote kwa pumzi moja: amepaka sindur, amekula samaki mbele ya wanaume arobaini. Ama aoge mtoni Ganga ajitakase na aachane na filamu, ama atafute pa kulala. Nyumba ni ya mama, mama aseme.

Anurupa hakukana. Alikaa chini mbele ya mkwewe, maji ya mvua yakimchuruzika. Alikuwa ameshaamua: akifukuzwa, kesho saa tatu atafika studio, akitokea kokote atakakolala.

Hemangini akamtazama midomo.

"Lilikuwa tumbo au mgongo?"

"Tumbo, mama."

"La haradali?"

"La haradali."

Bimal akafungua kinywa. Mama akainua mkono, naye akakifunga kama alivyokuwa akikifunga akiwa mtoto.

"Mkwe wangu ana kazi kesho saa tatu," akasema. "Ataondokea hapahapa." Akavitazama vidole vyake. "Bimal, siku ya kumi na mbili ya matanga ya baba yako, watu walikula ilish humu ndani. Nilimpakata kaka yako, namchambulia miiba, namlisha. Vidole vyangu vilinuka samaki mpaka jioni. Nikaenda kuviosha kwa majivu, maana shangazi yako alikuwa ananiangalia."

Akavikunja vidole.

"Nilitaka kuvilamba."