Milingoti Juu ya Tuta

Katika kijiji cha Chidulu, bondeni chini ya Kilimatinde, ng'ombe hakuruhusiwa kukanyaga tuta la lambo. Mbuzi vilevile. Akikanyaga, mwenye mifugo alibeba makarai ishirini ya udongo kichwani mwake mwenyewe, bila msaada wa mke wala mtoto, huku watu wakimcheka. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Philipo Chilewa, na kwa miaka ishirini alimsamehe mtu mmoja tu, mchungaji wa kanisa, tena kwa sababu ng'ombe mwenyewe alikuwa wa kuazima.

Lambo lile, bwawa lao la maji ya mvua, walilichimba wenyewe mwaka sabini na tano, mwaka mmoja baada ya kuhamishiwa kijijini. Walilichimba kwa majembe, na udongo wakaukokota kwa ngozi za ng'ombe zilizovutwa na maksai. Tangu hapo, kila Septemba maji yakishapungua, kijiji kizima kiliingia ndani kutoa tope lililoletwa na mvua. Philipo alipima kwa miguu yake, hatua sita kwa kila kaya, akachomeka vijiti. Tope halikutupwa. Lilipandishwa juu ya mapaa ya udongo ya tembe zao kuziba nyufa kabla ya mvua, kwa hiyo aliyetoa tope alikuwa pia anatengeneza nyumba yake. Wanawake walitaniana na mashemeji zao mpaka wengine wakaketi chini kwa kucheka. Watoto walifundishwa na Philipo namna ya kushika jembe la mpini mfupi, wasijikate vidole. Jioni kulikuwa na pombe ya uwele kwa wakubwa na togwa kwa wadogo. Philipo alizipenda siku zile kuliko Krismasi, na hakuona haya kusema hivyo hata mbele ya mchungaji.

Halafu ikaja enzi ya ruksa. Philipo hakuwa na ugomvi nayo. Sabuni ilirudi dukani, mkewe Martina akapata gauni zuri la mitumba, na mwenye mtama wa ziada akamuuzia amtakaye. Lakini waliouza vizuri walinunua bati, na mwenye bati hana haja ya tope. Mwaka wa kwanza kaya kumi hazikutokea lamboni, mwaka uliofuata thelathini. Ilipofika tisini na tano lambo lilikuwa limejaa tope kiasi kwamba Julai tu lilikauka, na wanawake wa Chidulu wakawa wanafukua mchanga korongoni kutafuta maji ya kunywa.

Gasto, mtoto pekee wa Philipo aliyekuwa amebaki kijijini, alimwambia baba yake waziwazi.

"Baba, mvua hii ikija na lambo likashindwa kushika maji, mimi nahama. Nawapeleka ng'ombe Usangu, na mke wangu na watoto. Siwezi kuzika ndama kila mwaka."

Philipo alijua kwamba mwanawe hana maneno mawili. Alijua pia kwamba wajukuu wakienda Usangu, yeye na Martina watabaki wanatazamana kama vyungu jikoni. Kwa hiyo mwaka ule alikuwa na jambo moja tu kichwani: tope litoke.

Bahati mbaya, mwaka ule ndio ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na Chidulu nzima ilikuwa imeshikwa na bendera. Nathan, katibu wa tawi la chama cha zamani, alikuwa na mlingoti wake penye ghala. Bonifasi, kijana wa chama kipya, akasimamisha mwingine mrefu zaidi karibu na mashine ya kusaga. Watu wa Nathan wakafunga mkokoteni na maksai, wakaenda vichakani upande wa Itigi kutafuta mti mrefu kuliko ule. Walikaa siku nne. Watu hao hao, ukiwaomba siku moja ya tope, migongo iliwauma. Waliporudi, watu wa Bonifasi nao wakaondoka. Mikutano ikawa ya milingoti: nani amemzidi nani, bendera ya nani imemfunika nani. Mama mmoja alisimama akauliza kwa nini zahanati haina vidonge vya malaria tangu Juni, akaambiwa asichanganye mada.

Siku moja asubuhi Bonifasi alifika nyumbani kwa Philipo na vijana kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja na jeshi?"

"Tumekuja kuomba. Tuta la lambo ndipo mahali pa juu kuliko pote hapa kwetu. Bendera ikiwa pale, itaonekana hata na anayeshuka Kilimatinde. Lakini hatuwezi kugusa tuta bila ruhusa yako."

Kwa kweli Philipo aliona raha. Ilikuwa miaka mingi tangu kijana amwombe ruhusa ya kitu chochote. Akaitazama mikono yao, mikono minene ya watu wanaokula wakashiba, akawaza kazi ambayo mikono ile ingefanya kwa siku saba.

"Nikiwakubalia, mtatoa tope?"

"Uchaguzi ukiisha tu, mzee. Sote."

"Shimo liwe la mkono mmoja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Likizidi hapo, mmeua tuta."

Wakakubali. Kesho yake akaja Nathan, amekasirika, anataka haki sawa. Philipo akampa haki sawa na masharti sawa, na Nathan naye akaahidi watu wake watatoa tope uchaguzi ukiisha. Mzee alirudi ndani anatembea kama kijana.

"Na kwa nini wasitoe tope kwanza, halafu ndiyo wachimbe?" aliuliza Martina.

Philipo alimwambia mkewe kwamba haelewi siasa. Alisema hivyo kwa sauti kubwa kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Wiki ile ile alikwenda msibani Issuna, akakaa siku tatu. Aliporudi aliikuta milingoti yote miwili imesimama juu ya tuta, mirefu ajabu, haitikisiki hata kwa upepo wa jioni. Mlingoti wa namna ile hausimami kwenye shimo la mkono mmoja. Chini yake kulikuwa na udongo mpya umerundikwa, udongo wa shimo la kumfikia mtu kifuani. Philipo aliuona. Akaugusa kwa mguu. Akajiambia kwamba akigomba sasa watasusa, na wakisusa, tope halitoki. Akaenda zake.

Uchaguzi ukapita. Walioshinda walicheza ngoma wiki nzima, walioshindwa wakaandika barua za malalamiko wiki mbili. Philipo alipima hatua zake sita sita, akachomeka vijiti, akawapitia watu nyumba kwa nyumba kuwakumbusha siku. Siku ilipofika aliingia lamboni alfajiri na jembe. Mpaka saa sita walikuwa wamefika Martina, Gasto na mkewe, na vikongwe watatu waliokuja kwa ajili ya zamani. Bonifasi alituma salamu kwamba wana kikao. Nathan hakutuma hata salamu. Walichimba watu saba kwa siku tano, na lambo likaonekana kama vile halijaguswa.

Mvua ilifika mwisho wa Novemba, baada ya chakula cha mchana. Ilinyesha bila upepo, nzito, mpaka korongo likaanza kunguruma na maji mekundu yakaingia lamboni. Watu walitoka kwenye bati zao na tembe zao wakaja kutazama. Maji yalipanda, yakafunika vijiti vya Philipo kimoja kimoja. Gasto alisimama kando ya baba yake, akatabasamu, na Philipo akalia machozi mbele za watu na hakujali.

Martina ndiye aliyeona kwanza. Nyuma ya tuta, chini ya mlingoti mmoja, maji yalikuwa yanatoka, membamba kama kidole gumba.

"Majembe!" Philipo alipiga kelele. "Leteni majembe! Leteni ngozi, leteni magunia!"

Wakaleta. Chidulu nzima ilipanda juu ya tuta ile jioni. Bonifasi alikuwa ndani ya tope mpaka mapajani, Nathan anampokea magunia ya udongo, hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa chama gani. Philipo alielekeza huku na huku na watu wakamtii, kila mmoja akijua mahali pa kusimama. Ni aibu kusema, lakini moyo wake ulifurahi. Maji yalikuwa yanaondoka, naye alifurahi, kwa sababu kwa muda wa kama nusu saa watu wake wote walikuwa wamerudi.

Kisha shimo la pili nalo likaanza kutoa maji. Milingoti ikalala, mmoja juu ya mwingine, na tuta likakatika katikati. Lambo likamwagikia korongoni, likaenda zake. Lilibaki tope, na samaki wadogo wanarukaruka.

Kesho yake uliitishwa mkutano. Watu wa Nathan walisema lililoanza kuvuja ni shimo la Bonifasi. Watu wa Bonifasi walisema shimo lao lingehimili kama lisingekuwapo la Nathan. Waliendelea hivyo mpaka jua kichwani. Hakuna aliyemtaja Philipo, na wala si kwamba walimficha. Walikuwa wamesahau kwamba kuna mtu aliombwa ruhusa. Alisikiliza, halafu akaondoka taratibu kuelekea kwa Gasto.

Gasto alikuwa anafunga mizigo juu ya mkokoteni. Ng'ombe walikuwa wameshatolewa zizini.

"Baba," alisema bila kugeuka, "nani aliwaruhusu kuchimba juu ya tuta?"

Philipo angeweza kusema lolote. Kijiji kizima kilikuwa na majibu tayari.

"Mimi."

Gasto aliacha kamba. "Walikupa nini?"

"Waliahidi kutoa tope."

"Nawe ukawaamini?"

"Wote wale niliwashikisha jembe mimi, Gasto. Yule Bonifasi alikuwa analia akiambiwa atoke lamboni akale. Nikadhani bado ni walewale."

Gasto akashika kamba tena, akakaza fundo. Kisha akamwomba, kwa upole, asogee kidogo ng'ombe wapite.