Kuanua Matanga ya Herménégilde

Miezi minne baada ya Herménégilde kuzikwa, ukoo wake wote pale Katogota ulikuwa umechoka na matanga, na aliyechoka kuliko wote alikuwa mjane wake, Spès. Hakuchoka kwa kulia. Kulia alikumaliza juma la kwanza, tena alilia kwa haki, maana marehemu hakuwa mtu mbaya. Alichoka kutazamwa.

Desturi yao, waliyovuka nayo mto Ruzizi tangu enzi za babu zao, haikuwa na mlango wa nyuma. Matanga yasipoanuliwa, hakuna mtu wa ukoo anayelala na mkewe, fahali hufungwa mbali na majike, na mbegu haigusi udongo. Na matanga huanuliwa kwa njia moja tu. Ndugu wa marehemu huingia kwa mjane, alale naye, kisha mjane hutoka nje jua likichomoza, akasema imekwisha, akarusha konzi ya kwanza ya mtama.

Ndugu wa marehemu alikuwa mmoja tu, Gratien, naye alikuwa katekista. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Gratien ndiye aliyewafundisha watoto amri ya sita, usizini, katika kanisa la nyasi, na kila alipoifikia machozi yalimlengalenga, kwa kuwa machozi yake yalikaa karibu. Akikosa jambo dogo tu, hulia. Aliwahi kumlilia mbuzi baada ya kumchapa fimbo.

Mwezi wa Desemba ukaingia. Mtama wa majirani ulikuwa umefika magotini, na moniteri wa pamba, yule mtu wa serikali mwenye kofia ya kaki, alikuwa amepita mara mbili akiuliza kwa nini mashamba ya ukoo huu ni matupu kama kiwanja cha mpira. Mwaka ule wa hamsini na tano, asiyepanda pamba alipelekwa gerezani Uvira, na huko watu walichapwa kiboko. Nani angemweleza moniteri kwamba wanangoja mtu na shemeji yake walale?

Basi ikawa kila mtu anauliza habari za moyo wa Gratien. Mama yake, Inamahoro, alimwuliza asubuhi na jioni. Wazee walimwuliza. Mkewe, Georgette, alimwuliza. Gratien mwenyewe alipanda baiskeli hadi Uvira kumwuliza padri, na padri akamwambia kwamba hiyo ni dhambi ya mauti, na akithubutu atavuliwa ukatekista. Akarudi akafunga siku tatu, akaiuliza dhamiri yake. Spès alipita na mtungi wa maji katikati ya mashauri hayo, akaitikia salamu, akaenda zake. Alimwona mwanawe Firmin, aliyeoa majuma mawili tu kabla ya msiba, akimtazama mke wake kutoka ng'ambo ya ua kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Alimhurumia. Lakini huruma kwa Firmin haikumfanya amtake Gratien.

Siku ya siku Gratien alikata shauri. Alibisha mlango wa Spès jogoo wa pili alipowika, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda cha matete. Nje ukoo ulikuwa umekwisha kukusanyika. Wakiwa ndani walimsikia Inamahoro akiutikisa ungo wa mbegu.

“Mama Firmin,” alisema, “nimeomba sana. Nilisema na Mungu, nikasema na Georgette. Georgette ananiambia, enda, sisi bote tumechoka. Mama iko analia kila siku. Nitafanya hii kitu juu ya ukoo, kisha nitaenda kuungama. Mungu iko anaona moyo wangu.”

Machozi yakamtoka. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

Spès alimtazama. Hakumchukia. Alihisi tu uchovu ukimpanda kutoka nyayoni, uchovu wa miaka ishirini, na akakumbuka kwamba hata Herménégilde, na wema wake wote, hakuwahi kumwuliza. Aliulizwa mara moja tu maishani, na padri, mbele ya kanisa zima, wakati ng'ombe wa mahari walikwisha kupokelewa na pombe ya jibu lake ilikwisha kunywewa.

“Na minye?” alisema.

“Weye nini?”

“Na minye ulisema lini?”

Gratien aliacha kifungo cha tatu. “Lakini ni desturi, mama Firmin. Weye ulishajua.”

“Nilijua. Kujua haiko kukubali. Uliuliza Mungu, uliuliza Georgette, uliuliza padri mpaka Uvira. Minye niko hapa, hatua makumi mbili toka mlango wako. Miezi ine.”

Tusimwonee Gratien. Alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika nyumba ile.

“Basi, unataka?”

“Hapana,” alisema Spès. “Sitaki.”

Alishangaa jinsi neno lilivyokuwa jepesi mdomoni. Ikamuuma pia, kwa miaka yote aliyolibeba akidhani ni zito.

“Sasa tutafanya nini?” Gratien alinong'ona. “Batu bako inje.”

“Nitatoka, nitasema imekwisha.”

“Ni uongo.”

“Ni uongo, na ni wangu. Weye unyamaze tu.”

Akafikiri, na Spès akaona fikira ikimfika usoni. “Padri atanifukuza na sikufanya kitu. Na kuungama, nitaungama nini?”

“Ulikuwa tayari kukosa juu ya ukoo,” alisema Spès. “Sasa usikose, na bakuone mukosaji. Ile ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko hii?”

Ilikuwa rahisi mara mia, na wote wawili walijua. Gratien alifunga vifungo vyake kimoja kimoja.

Jua lilipochomoza Spès alitoka, akasema imekwisha, akarusha mtama. Wanawake wakapiga vigelegele vya kuchoka. Fahali alifunguliwa, akasimama pale pale muda mrefu, kama amesahau anakotakiwa kwenda. Firmin na mkewe hawakuonekana hadi jioni.

Jumapili padri alikuja kwa pikipiki, habari ilikwisha kumfikia. Kabla ya misa alimsimamisha Gratien mbele ya watu wote akamwuliza kama ni kweli. Spès, upande wa wanawake, alishika benchi kwa mikono miwili. Gratien akikana, majembe yatawekwa chini, fahali atafungwa, na yeye atarudishwa kwenye kile kitanda. Gratien hakusema ndiyo wala hapana. Alitoa kitabu cha katekisimu mkobani, akakiweka mikononi mwa padri, akaenda kuketi benchi ya mwisho, mahali pa walevi na wenye wake wawili. Macho yake yalikuwa makavu.

Jumatatu walipanda pamba. Inamahoro alichukua mstari wa jirani na Spès, wakainama pamoja.

“Mutoto wangu akikosa, analia,” alisema yule mama, bila kuinua kichwa. “Jana hakulia.”

Mkono wa Spès ulisimama juu ya shimo.

“Panda, mwanangu. Moniteri atapita.”

Walipanda mpaka mwisho wa mstari. Hapo Inamahoro alinyoosha mgongo, akajishika kiuno.

“Baba ya Gratien alipokufa, balinipa mudogo wake. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita. Nililala nikaangalia nyasi ya paa.” Alipangusa udongo vidoleni. “Weye ulisema nini mule ndani?”

“Nilisema sitaki, mama.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

Inamahoro alibaki akiutazama mstari waliotoka kuupanda, midomo ikimtikisika kama anayejaribu neno lile ndani kwa ndani.

“Sikujua kama muntu anaweza kuisema,” alisema.

Akainama kuanza mstari mwingine. Mbegu zikamponyoka zikamwagika, na Spès akapiga magoti akamwokotea.