Kinyago Chenye Bima

Mzee Albano alisubiri zamu yake katika ofisi ya bima ya afya, Kinondoni. Mpira wa mkojo ulipita ndani ya suruali, na mfuko wake ulikuwa kwenye kikapu cha binti yake, Editha. Mapajani alikuwa na kinyago cha mzee aliyeketi, anakisugua kwa msasa. Wachongaji wa Mwenge hawakai mikono mitupu.

Hospitali ilishasema: tezi dume ipasuliwe upesi, figo zinachoka. Kwa msamaha wa wazee angemwona daktari bure, ila vifaa vya upasuaji wanunue wenyewe. Editha anauza mihogo Buguruni na ana watoto watatu. Ilibaki bima.

"Shikamoo, mzee. Weka kidole," alisema Wilbert, karani.

Mashine ikakataa. Wakavifuta vidole vyote kwa spiriti, ikakataa tena. Miaka ya mpingo na msasa ilikuwa imevilainisha kama kigae.

"Mzee wangu, vidole vyako havina alama."

"Zilikuwepo," alisema Albano.

Kinyago kikanyoosha mkono, kikabonyeza mashine. Taa ya kijani ikawaka.

"Huyu anasoma," alisema Wilbert, akaanza kumsajili.

"Kaka, mgonjwa ni baba. Hicho kigogo!"

"Sista, mie sibishani na mfumo. Ushamtambua yeye. Nikimwandika mwingine naonekana tapeli. Anayefuata!"

Editha akagomba mpaka mlinzi akamshika mkono.

Hospitalini akajaribu tena. Alimtanguliza baba yake, kinyago akakificha kikapuni. Mashine ya mapokezi ikamkataa mzee. Kinyago kikatoa mkono kikapuni, kikapokewa, kikavalishwa gauni la wagonjwa. Siku ya upasuaji daktari alitoka akivua glavu, akasema kimevumilia vizuri na hakikutoka damu hata tone. Kikapewa kitanda cha karibu na dirisha.

Albano alibaki kwenye benchi la korido. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii tena.

"Nesi, muoneni na huyu," Editha aliomba. "Mkojo wake unatoka damu."

"Kadi yake?"

Editha akamwonyesha vidole vya baba yake. Nesi akamtazama mzee kwa huruma, akamkabidhi bakuli la uji.

"Babu, mlishe mgonjwa wako, kisha utoke. Muda wa kuona wagonjwa unaisha."

Albano akaupakata mfuko wake mwekundu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakilisha kinyago kijiko kwa kijiko. Kikamaliza uji wote.