Ripoti Iliyofika Sebuleni

Mtu wa kompyuta pale hospitali alikuwa amewachosha watu. Kutwa aliwapitia chumba kwa chumba akiwaomba wanaotumia simu zao kikazi waweke programu ya ofisi, ile inayofungia mambo ya wagonjwa peke yake. Mpiga eksirei alimjibu kwamba simu ameinunua kwa jasho lake na hataki mtu wa kumchungulia. Wenzake wakaangua kicheko, na jamaa wa watu akaenda zake.

Basi siku moja asubuhi mtandao wa ofisi ukagoma, na daktari bingwa alikuwa akisubiri ripoti ya CT-scan ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mkwe wa mpiga eksirei. Aliipiga picha ripoti kwenye kioo cha kompyuta kwa simu yake, akaituma. Daktari akamsihi asiseme neno nyumbani, kwani kesho angemwita mama amweleze mwenyewe, taratibu. Akaahidi. Kufunga mdomo alikuweza sana.

Jioni nyumba ilijaa. Mumewe, mtu wa kupapatikia vitu vipya, alikuwa ameiunganisha simu ya mkewe na televisheni ya sebuleni, ili picha za harusi ya mdogo wake zijipitishe zenyewe. Hakumwambia, alitaka kumshtukiza. Mama mkwe alikaa mbele kabisa akiwasema watu wa kwenye picha bila huruma: huyu kanenepa, yule suti kaazima. Mpiga eksirei alicheka na wengine huku moyo ukimuuma.

Ikapita keki, wakapita maharusi. Kisha kioo kikawa cheupe, kimejaa maandishi.

Mama, ambaye husoma hata pakiti ya sabuni, akasoma kwa sauti.

"Uvimbe kwenye kongosho. Saratani. Imekwisha kusambaa kwenye ini." Akatikisa kichwa. "Masikini wa watu. Nani huyu?"

Akainuka, akasogea apate kusoma jina lililoandikwa juu kwa herufi ndogo.

Mpiga eksirei aliganda. Alitaka kupiga kelele, kuzima umeme, kuangusha chochote kile. Mumewe alikuwa akipapasa rimoti chini ya mito, anachekacheka, hajaelewa kitu.

Mama akayasoma majina yake yote matatu, mpaka la babu yake. Picha ikajibadilisha, akatokea yeye mwenyewe akicheza na bwana harusi, mdomo wazi kwa kicheko. Hakuitazama. Alimgeukia mkamwana wake.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu asubuhi, mama. Daktari alitaka akuambie mwenyewe kesho. Sikujua picha zangu zinakuja hapa."

"Sawa, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile waliyoizoea. "Ila ningependa niambiwe nikiwa nimekaa."

Alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, na kati yao wote hakuna aliyekumbuka kumsogezea kiti.