Mfungo wa Mzee Isaiah

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka juu ya mashamba ya majani chai upande wa Litein ukakaa hadi saa tatu, na manyunyu yakawa yanaanguka bila kelele, yale ambayo mtu hayatambui mpaka aguse bega la shati lake na kulikuta limelowa. Kisha jua likachungulia kidogo, na mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye mabati.

Mzee Isaiah Kiptanui alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, msumari mkononi, akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Suruali ilikuwa inamteremka. Aliifanya kazi hiyo polepole na kwa utulivu, kama mtu aliye ibadani, maana kwake kukonda huko hakukuwa ugonjwa. Kulikuwa sadaka.

Madaktari walikuwa wamemkuta na saratani kooni, pale pale sauti inapozaliwa. Na sauti ya Isaiah haikuwa mali yake peke yake. Yeye ndiye aliyeombea maharusi na marehemu wa kanisa lao la mabati, na watu walitania kwamba Isaiah akianza kuomba hata ng'ombe huacha kucheua. Sasa sauti hiyo ilikuwa imebaki mkwaruzo. Jumatatu angesafiri kwenda kuanza tiba ya mionzi, wiki saba. Hospitalini walikuwa wamekwisha kumwandaa: walilainisha plastiki ngumu kwa maji ya moto, wakamlaza chali, wakamfunika nayo kuanzia kipaji cha uso hadi mabegani, na ilipopoa ikabaki na pua yake, kidevu chake, na mashavu yake. Barakoa, ndivyo walivyoiita. Isaiah alidhani ni ya kumkinga macho.

Jumapili iliyofuata baada ya kutengenezewa barakoa hiyo alikuwa amesimama mbele ya kanisa akaweka nadhiri. Tangu siku hiyo mpaka mionzi itakapokwisha, mchana hataonja kitu ila maji, ili Mungu amrudishie sauti. Kanisa zima likasema amina. Jioni ikifika alijaribu kula, lakini koo lilimuuma. Vijiko viwili vitatu, kisha akasukuma sahani. Janeffer, mkewe, aliiondoa. Nani angebishana na nadhiri?

"Baba Kipkurui!" Janeffer aliita kutoka sebuleni, kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea. "Kuja basi. Mkutano wa simu unaanza."

Muuguzi mmoja kule kliniki ndiye aliyewaonyesha. Katika mtandao kulikuwa na ukurasa wa watu wenye saratani za mdomo, koo na shingo: masomo mafupi ya Kiswahili, michoro ya jinsi ya kuzoeza taya na kumeza, na kila Jumamosi mkutano wa video wa wagonjwa na waliopona. Janeffer alikuwa akisoma masomo hayo wiki nzima, akingojea maziwa yachemke. Isaiah alikataa hata kuangalia. "Mimi niko na Mungu," alisema, "sina haja ya kutazama wagonjwa wenzangu." Lakini leo majirani wa kokwet, kijiji chao, walikuwa shambani mwake tangu alfajiri wakimchumia majani chai, na kukaa dirishani akiwaona wameinama kwa ajili yake kulimuuma kuliko koo. Akaenda akaketi mbele ya simu.

Janeffer alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Ndani ya kioo chake kulikuwa na nyuso kama kumi, nyingine zimefungwa vitambaa shingoni. Isaiah akaagiza kamera ya kwao izimwe.

"Bwana asifiwe, na karibuni," alisema mwanamke aliyevaa sweta ya kijani. "Mimi ni Sista Nyatichi, muuguzi. Leo tuna wageni kutoka Litein. Mzee, tunakusikia?"

"Asifiwe," Isaiah akakwaruza.

"Sauti kama yangu ya zamani!" mwingine akadakia, na kicheko chake kikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Alikuwa mzee wa Kisii mwenye kofia ya sufu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya chai huko Kericho. "Mimi ni Onyiego. Sauti yangu iliondoka yote, ikarudi nusu. Lakini hiyo nusu inatosha kumsumbua mke wangu."

"Inazidi!" sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake, na wote wakacheka. Isaiah pia akajikuta anatabasamu nyuma ya kamera iliyozimwa.

Sista Nyatichi akaanza somo la siku hiyo, lililohusu kula wakati wa mionzi. Alieleza kwa upole kwamba mdomo utakauka, koo litawaka, na utamu wa chakula utapotea, lakini uji wa maziwa, mayai yaliyopondwa, parachichi na viazi laini vitapita. Mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni, akasema, huenda ikachoma vidonda kwa ule uchachu wake.

"Hapo umewaua Wakipsigis," Onyiego akasema.

"Wataifungulia kibuyu wakimaliza," Sista akajibu. "Mzee wa Litein, uzito wako ukoje? Hata kama huna mizani, mkanda uko tundu gani?"

Isaiah akakohoa. "Nimeongeza tundu."

"Umeongeza upande gani, wa tumbo au wa njaa?"

Watu wakacheka tena, lakini Janeffer hakucheka. Aliinama mbele ya simu, mikono yake imeshikana.

"Sista, anafunga," akasema. "Mchana hali kitu. Ameweka nadhiri mpaka mionzi iishe."

"Mama Kipkurui!" Isaiah akamgeukia.

"Nimesema. Nikinyamaza hapa, nitakuja kuongea na nani? Na kaburi?"

Isaiah aliinua mkono aizime, lakini Sista Nyatichi hakumkemea wala hakushangaa. Aliuliza tu, "Mzee, barakoa umeshatengenezewa?"

"Nimetengenezewa."

"Onyiego, muonyeshe yako."

Mzee Onyiego akatoka mbele ya kamera, akarudi na kitu cheupe chenye vitundu vingi, sura ya mtu asiye na macho. Akakivaa. Kilikaa kwenye mashavu yake kama chungu kwenye mafiga mapana. Alipotikisa kichwa, barakoa ilibaki ikitazama mbele huku uso wake ukizunguka ndani.

"Unaona?" akasema kutoka ndani. "Siku ya kwanza hii kitu ilinibana hata nisiweze kupiga chafya. Wanaifunga mezani ndio usisogee, na mashine inalenga pale pale ilipopimiwa. Nilikonda ikawa nyumba ya mpangaji aliyehama. Walisimamisha mionzi, wakanipima upya, wakatengeneza nyingine. Na siku zote hizo za kungoja, uvimbe haukungoja na mimi."

Isaiah akashika shavu lake. Ngozi ilikuwa imelegea, na vidole vyake vikakuta mfupa mahali ambapo wiki mbili zilizopita hapakuwa na mfupa. Kwa hiyo ile plastiki haikuwa ya kumkinga macho.

"Mzee," Sista Nyatichi akasema, "mimi si mchungaji, na nadhiri yako siwezi kuigusa. Mimi najua mashine tu. Mashine haiulizi kama umekonda kwa ajili ya Mungu au kwa kukosa unga."

Mkutano ulipoisha, Isaiah aliilaza simu kifudifudi mezani. Janeffer akaleta uji wa maziwa, akaufunika kwa sahani, akauweka mezani mbele yake.

"Sitakulazimisha," akasema. "Nimeweka tu."

"Unataka nimdanganye Mungu mbele ya kanisa zima?"

"Nataka urudi nyumbani, Baba Kipkurui. Ukirudi na sauti, sawa. Ukirudi bila sauti, mimi nitasikia hata ukinyamaza. Nimekusikia miaka yote hii."

Isaiah alitoka akaenda nyuma ya zizi, mahali pake pa kuomba. Alipiga magoti, lakini maneno hayakuja. Mtu aliyeombea wengine maisha yake yote alikosa la kujiombea. Akajiuliza kama kweli alikuwa akimtolea Mungu njaa yake, au alikuwa akiipeleka sokoni ili wabadilishane, njaa kwa sauti. Na kama Mungu angekataa biashara hiyo? Hofu aliyokuwa ameifunika kwa mfungo ikainuka ikamtazama usoni. Aliogopa kufa, ndiyo. Lakini zaidi aliogopa kuishi akiwa mtu ambaye hawezi kuomba kwa sauti. Alikaa hapo na hofu hiyo mpaka magoti yakamuuma, kisha akasikia watu wakirudi.

Saa nane majirani walikuwa wamefikisha majani kituoni, yanakopimwa na kununuliwa, na wameingia sebuleni, soksi zikiwa zimelowa, kwa ajili ya maombi ya kumsindikiza. Mchungaji Kipkemoi alikuwapo, na Atuti fundi cherehani, na Kogo Molly, bibi wa kanisa ambaye ulimi wake ulikuwa bado na meno hata kama kinywa hakikuwa nayo. Kogo alikuta kikombe cha uji kimefunikwa mezani, akakifunua, akanusa.

"Hii uji ni ya nani inapoa hivi?"

Isaiah akaona hakuna pa kujificha. Akawaeleza yote polepole, kwa mkwaruzo wake: mkutano wa simu, barakoa ya Onyiego, mfupa wa shavu. "Sasa nimebanwa," akamalizia. "Nikila, nimevunja nadhiri. Nisipokula, mashine itakosa mahali pa kulenga. Mchungaji, nisaidie."

Mchungaji Kipkemoi akasogeza kiti chake karibu na Isaiah. Alikuwa kijana mwenye bidii, na nadhiri hiyo yeye ndiye aliyeishangilia kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mzee," akasema hatimaye, "tulisema amina bila kuuliza daktari alikwambia nini. Hilo ni langu pia. Lakini nadhiri ni nzito. Maandiko hayataki mtu aichezee. Niombe kwanza."

"Omba," Kogo Molly akasema, "lakini mimi niko na swali. Isaiah, leo majani yako umechuma wewe?"

"Hapana, kogo. Mmechuma ninyi."

"Mimi nimejaza kikapu kimoja na huu mgongo. Na huko kituoni, karani ameyaandika kwa namba ya nani?"

"Namba yangu."

"Alikuuliza uko wapi? Alisema, hapana, haya si majani ya Isaiah kwa sababu vidole si vya Isaiah?"

Atuti akacheka. "Huyo karani hajali vidole, kogo. Anajali kilo."

"Basi!" Kogo akapiga goti lake. "Karani wa kituo anakubali kazi ya kokwet iingie kwa namba ya mgonjwa, na Mungu ndiye atakataa? Wewe ni mgonjwa, na mgonjwa haulizwi uji. Mfungo wako tutauchukua sisi. Mimi Jumatatu. Sina meno, hata sitaumia sana."

"Mimi Jumanne," Atuti akasema.

"Jumatano iwe yangu," mchungaji akasema, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Wengine wataongezeka kesho kanisani. Nadhiri itatimizwa, mzee, kila siku ya mionzi mpaka ya mwisho, na itatimizwa kwa jina lako. Lakini uliiweka kwa kinywa mbele ya watu. Kuikabidhi pia iwe kwa kinywa, mbele ya watu."

Isaiah akawatazama. Asubuhi aliona aibu kuwaona wameinama shambani mwake. Sasa walikuwa wanataka kuinama tena, na aliona kwamba kuwakatalia kungekuwa kiburi tu kilichovaa nguo ya ibada. Machozi yakamjia, naye akayaacha yashuke.

Janeffer akachukua kile kikombe akakipasha moto. Halafu, kabla ya kumpa, alimuuliza kama anaweza kuwapigia wale wa kwenye simu nao wasikie. Isaiah akatikisa kichwa kukubali, na safari hii hakusema kamera izimwe. Sista Nyatichi akapokea akiwa sokoni, mfuko wa vitunguu mkononi. Onyiego akaunganishwa akiwa amelala kwenye nyasi nje ya nyumba yake.

"Nani amekufa?" Onyiego akauliza.

"Hakuna," Janeffer akasema. "Nyamaza usikie."

Mzee Isaiah Kiptanui akasimama, mkono mmoja ukishika suruali, mwingine ukishika kikombe. Watu wote wakasimama naye. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi wasogee karibu.

"Mbele za Mungu," akasema, "na mbele yenu ninyi mlionisikia nikiweka nadhiri, na mbele ya hawa wa kwenye simu. Njaa yangu nimewaachia ninyi, na asanteni. Mimi, kuanzia sasa, nitakula. Asubuhi nitakula, mchana nitakula, jioni nitakula. Koo likiuma nitakula. Nikikosa hamu nitakula, na wakisema chakula kipite kwa mrija, nitakubali mrija. Sauti ikirudi, ni ya Bwana. Isiporudi, mimi bado ni wa Bwana. Nitakula mpaka siku ya mwisho ya mionzi, na Janeffer ndiye shahidi wa kila sahani. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na Bwana anisaidie."