Kucha za Mkono wa Kulia

Kila Ijumaa, kabla Mbaruku hajaoga kwenda msikitini, mimi mkewe ndiye niliyekuwa nikimkata kucha. Tangu tuoane ilikuwa hivyo. Natandika mkeka ukumbini, nyumbani kwetu Magomeni, ananipa mikono, na hapo ndipo tunapozungumza. Siku nyingine zote yeye na viatu vyake vya mitumba Mchikichini, tangu kiwanda cha nguo kiuzwe kwa wenye pesa naye apunguzwe kazi, na mimi na vitumbua vyangu.

Basi Ijumaa moja akanipa mkono wa kushoto tu, akajiinukia.

"Na wa kulia?"

"Huo uache, mke wangu. Kucha zake nazifuga."

Anazifuga! Mwanamume mzima, kama bibi harusi. Zikarefuka, akawa anazisugua kwa msasa kibarazani, anatabasamu peke yake. Mimi si mjinga. Mwanamume hajipambi mkono bila mtu wa kuutazama. Wivu ukanikaba hadi vitumbua vikaungua, na mteja aliyelalamika nikamtukana.

Celina, anayeuza viatu jirani naye, ndiye aliyenipa habari.

"Shem siku hizi akitoka kuswali alasiri anafunga meza, huyoo Kariakoo. Kuna intaneti kafe Mtaa wa Aggrey. Mimi simo, lakini."

Nilimkuta kweli, amepakata gitaa ambalo sijapata kuliona, hedifoni masikioni, macho kwenye kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mikono ya mwanamke inapiga gitaa. Uso hauonekani. Picha ikiganda, na yeye anaganda nayo.

"Shikamoo mzee Kantilal," nilimwamkia Mhindi mwenye kafe, kwa shida.

"Marahaba, mama. Iko darasani huyo. Mwalimu nafundisha kupiga kwa vidole, na kucha ndiyo natoa sauti. Jumamosi hoteli moja ya mjini nataka kumsikiliza. Wakimpenda, kazi tayari."

Nilimgusa Mbaruku begani. Hakushtuka hata kidogo. Akavua hedifoni, akanionyesha kioo.

"Siwema, ona vidole hivyo. Ona vilivyotulia."

Nikavitazama, kisha nikatazama vyangu, vina makovu ya mafuta ya moto. Vidole hivi vimemshika kila Ijumaa, na hajapata kumwambia mtu avione. Roho iliniuma.

"Ijumaa utanipa mkono wa kulia," nikamwambia, "au narudi kwetu."

Ijumaa ilipofika alikaa mkekani, akaunyoosha.

"Siwema, ni hiyo kesho tu. Nikirudi zikate zote."

"Leo."

Nikakata zote, hadi karibu na nyama. Nilisikia raha, nisiseme uongo.

Jumamosi akaenda hivyo hivyo. Akapiga kwa nyama ya vidole, sauti ikatoka nyororo, wenye hoteli wakasema hiyo ndiyo wanayotaka wageni wakiwa mezani. Akapata kazi. Nilifurahi kuliko yeye. Kucha fupi maana yake mikono yote miwili imerudi kwangu.

Ijumaa iliyofuata nilitandika mkeka mapema. Mbaruku akatoka chumbani na taulo begani. Nilipomwita, akanionyesha mikono. Kucha zote zimeshakatwa, fupi, za duara, safi kuliko nilivyowahi kuzikata mimi.

"Nani kakukata?"

"Mwenyewe."

"Muongo! Huo wa kulia umeukataje? Mkono wako wa kushoto haujui hata kushika kalamu!"

Akauchukua wembe wangu kwa mkono huo wa kushoto, akaupitisha toka kidole hadi kidole, polepole, bila kujikata, akaurudisha mkekani.

"Siku hizi nao unajua kazi, gitaa limeufundisha," akasema, akaenda kuoga.

Wallahi, bora angekuwa mwanamke. Ningemfuata huko huko aliko, nikamvua ushungi hadharani.