Matundu Kwenye Majani ya Shangazi

Kiwandani walimwita Jicho, na si kwa mapenzi. Kila jani la kufungia sigara kubwa lilipita kwanza mikononi mwake, akalichomoa uti wa kati kwa ukucha wa kidole gumba, ndipo likaenda kwa wasokotaji. Msimu uliopita wasokotaji walianza kulalamika kwamba majani ya shamba moja yana matundu. Meneja akamtuma Jicho akaone mavuno kwa macho yake. Akirudi na neno kwamba wachumaji ni wazembe, kiwanda hakinunui tena pale. Naye alikwisha kuamua kabla hajapanda basi.

Mwenye shamba alikuwa mama mnene, mcheshi, ambaye wachumaji wote walimwita Shangazi. Nusu yao walikuwa watoto wa kaka zake kweli, nusu nyingine walidandia undugu. Alimpokea mgeni kwa maji ya kunywa na kikata kucha. Hapa, alieleza, haingii mtu na kucha ndefu. Kila asubuhi anawakagua mmoja mmoja, hata mumewe. Jicho akacheka. Ukucha wake aliulea miaka kumi na minane, na ndio uliomlisha.

"Basi mama, utatazama, hutagusa," Shangazi alisema. "Usinichukie. Hata mkwe wangu nilimwambia hivyo hivyo."

Wakainama, wakaingia. Shamba zima lilitandiwa vitambaa vyeupe juu ya nguzo, jua likachujwa humo mpaka likawa jua la watu wazima, lisilo na fujo. Mitumbaku ilimzidi kimo, majani mapana kama foronya. Watu arobaini walikuwa kazini na hakuna aliyepaza sauti. Kila mche ulichumwa majani matatu tu ya chini. Yanayofuata yangesubiri wiki nyingine. Mchumaji alilipokea jani kwa viganja viwili, akalilaza kikapuni taratibu. Miaka yote hiyo Jicho alikuwa akiwasema watu hawa, kumbe hakujua hata mmea wenyewe unafananaje. Aliona haya, na bado hakutaka kutoka.

Kisha wakaingia bandani, majani yalikokaushwa. Majani yalitungwa kwa sindano mawili mawili, yakaning'inizwa kwenye fito, safu juu ya safu, mpaka darini: mabichi huku, manjano kule, na mbali kabisa yale ya rangi ya udongo. Harufu ilikuwa tamu na nzito. Shangazi alipoitwa nje, Jicho alibaki peke yake, shingo ameikunja nyuma, mdomo wazi. Bila kufikiri akanyoosha mkono kwenye ufito ulioshushwa, akashika jani lililokwisha kuiva, laini ajabu, na gumba likafuata uti wa kati kwa mazoea.

Akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa na kitundu kama mwezi mchanga. Akatoa mkobani jani la mwaka jana alilolibeba kuwa ushahidi, akalinganisha. Kitundu ni kile kile. Majani ya hapa yalikuwa mepesi kuliko ya mashamba mengine. Ukucha uliopita salama kwingine, hapa ulitoboa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kulikunja akalitia mkobani, akarudi na hukumu yake. Aliogopa kupoteza kazi, tena aliogopa sana. Kisha akatazama juu tena, zile safu zote zilizopita kwenye viganja vya watu, akatoka nje kumfuata Shangazi, jani mkononi.

"Dada," alisema, "matundu ni yangu. Ni ukucha wangu. Na ndivyo nitakavyomwandikia meneja."

Shangazi alilipokea jani, akalitazama. Ucheshi wote ulimtoka. Mwaka jana, alieleza, barua ya kiwanda kuhusu matundu ilipofika alimtafuta mwenye kosa, na alimpata: binti wa marehemu kaka yake, mchumaji aliyewashinda wote, kwa kuwa siku moja alimkuta na kucha zilizozidi kidogo. Alimfukuza mbele ya watu. Tangu siku hiyo hawajasalimiana.

"Nyumba yake ile pale, ng'ambo ya barabara," alisema. "Hiyo barua yako kwa meneja itangoja. Twende ukamwambie wewe, maana mimi sijui nitaanzia wapi."

Wakavuka barabara. Mlangoni Shangazi alisimama nyuma, na Jicho ndiye aliyepiga hodi.